Matanga ya Mtu Aliye Hai

Brooklyn Park, Minnesota
9 Desemba 2012

Mama,

Salamu zinakuja, nivumilie kidogo. Kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu Jumamosi ya wiki iliyopita: mabuti yakigongwa kwenye kizingiti cha mlango wetu ili theluji idondoke. Jozi moja, kisha nyingine, kisha nyingine, na hakuna aliyebisha hodi wala aliyecheka. Wanawake wa kwetu hawaji nyumbani kwa mtu kimya. Nilikuwa jikoni nachambua matembele. Nikajua kuna mtu amekufa, nikaanza kuwapitia watu moyoni mmoja mmoja, ni nani. Wewe sikukupitia.

Sasa salamu. Mimi mzima. Ma Korto mzima, ila miguu inamvimba kwa zamu mbilimbili za kule anakotunza wazee. Angekusalimu kama angejua naandika. Bado hataki jina lako litajwe kwenye simu ya nyumba hii, kwa hiyo barua hii itakuja na wageni wa kanisa la wazungu wanaokwenda hospitali ya misheni, kama zile za nyuma. Hawamjui mtu yeyote wa jumuiya yetu ya Waliberia na hawaulizi. Mwambie kaka Mulbah picha yake juu ya pikipiki imefika, na kwamba amenenepa mashavu.

Turudi mlangoni. Nilikwisha kukueleza kwamba Jumamosi huwa naenda kwenye masomo ya jumuiya, chumba cha chini cha kanisa, tunakojiandaa kuomba vyuo. Anayetufundisha ni Bwana Flomo, mtu wa Lofa kule kwetu, mpole, mwenye kikohozi. Anatuzoeza hesabu za mtihani na jinsi ya kuketi mbele ya watu wanaokuhoji, lakini nguvu zake zote ziko kwenye insha ya kujieleza. Neno lake ni moja: "Watu wa chuo hawana haja na mtoto ambaye hajaumia. Nionyesheni palipouma." Wenzangu waliozaliwa hapa walihangaika. Mmoja aliandika juu ya kufiwa na mbwa. Mimi niliandika yale niliyofundishwa na Ma Korto nilipokuwa na miaka sita, tukingoja mahojiano kule kambini Guinea: mama yangu alikufa kambini, mama mkubwa ndiye mlezi wangu. Unaijua sentensi hiyo. Ulikuwepo nilipoirudia mpaka nikaacha kukosea.

Mwezi uliopita jumuiya ilifanya chakula chake cha mwaka, ambapo vijana huonyeshwa kwa wafadhili, na Bwana Flomo akachagua insha yangu isomwe jukwaani. Nilipofika kwenye kifo chako wageni wazungu walifuta macho. Wanawake wetu hawakufuta, walitazamana tu, nami sikuelewa kwa nini. Kumbe wao walikuwa wamesikia jambo jingine kabisa: kwamba Korto amefiwa na mdogo wake wa tumbo moja, akakaa nao miaka yote hii, akala harusi zao, akacheza mpaka viatu vikamvuka, na hajamlilia.

Ndiyo maana walikuja. Waliingia na masufuria, wakayaweka jikoni pasipo kuuliza. Ma Gorpu ndiye alikuwa mbele, yule mwenyekiti wa akina mama. Ni wa Gbarnga kama sisi, ila alitoka huko kabla ya vita. Alisimama katikati ya sebule akamwambia Ma Korto kwamba aibu hii imewaangukia wote. "Maiti asiyeliliwa hukaa mlangoni kwa kila mtu. Keti chini tumlie." Nilimtazama Ma Korto. Angeweza kusema neno moja. Lakini makaratasi yetu yamesimama juu ya kifo chako, na mwaka huu ndio ameomba uraia. Akaketi sakafuni. Wakamfunga kitambaa cheupe kichwani, kisha wakanifunga na mimi.

Walikulilia siku tatu, Mama. Nami nililia. Sikuigiza, na hilo limenitisha kuliko yote.

Swali langu ni lilelile uliloliruka katika kila barua. Kulikuwa na nafasi ya mtoto mmoja. Kwa nini mimi, na si Mulbah?

Mwanao,
Yassah


Gbarnga
27 Januari 2013

Yassah mwanangu,

Marehemu anakusalimu.

Huku vumbi la kiangazi limetufunika, watoto wa darasani wamepasuka midomo, na ubao hauandikiki mpaka uufute kwa kitambaa kibichi. Mulbah hajambo. Mkewe ana mimba kubwa na anataka udongo wa kula na magimbi ya kuchoma, mara hiki mara kile. Pikipiki si yake, usije ukamwonea fahari. Ni ya baba yako mdogo Sumo, na Sumo hasahau kumkumbusha.

Niliisoma barua yako darasani nikacheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Nikiwa hai hakuna aliyewahi kuniwashia moto wa maana, na huko mnanipikia mfu mzima! Walipika nini? Kama ni kisamvu natumai hawakubania samaki. Na huyo Gorpu namkumbuka kwa mbali, msichana wa mtaa wa juu, mwenye mdomo. Alilia kwa sauti au alikuwa anapanga wengine walie?

Sasa nisikilize. Usijitese kwa ajili yangu. Mimi nilikubali kufa kabla wewe hujajua kuandika jina lako. Korto aliniuliza nje ya hema, nikamwambia andika. Nimeishi na kifo hicho kama mtu anavyoishi na kovu la mgongoni, silioni. Kufa kwa karatasi hakuumi. Kama kifo changu kinakufungulia mlango wa chuo, usije ukaufunga kwa huruma zako. Wakikuambia ulie, lia vizuri. Wakikufunga kitambaa, kifue kikichafuka. Sikukuzaa uje ufundishe a-e-i-o-u kwenye vumbi kama mimi.

Lile swali lako nimeliona. Karatasi imeniishia.

Ukipata mtu wa kuja, nitumie sabuni ya kuogea, si ile ya harufu ya maua, ile nyeupe ngumu. Na viatu vya Mulbah, vile vyenye soli nene, maana breki za pikipiki ile ni miguu yake. Na kalamu nyekundu. Hizi tunazopewa zinavuja kwenye madaftari na mtoto aliyepata anadhani amekosa.

Mama yako,
Nyamah


Brooklyn Park
3 Machi 2013

Mama,

Nimefurahi kwamba ulicheka. Natumai mke wa kaka amejifungua salama, au yuko karibu. Sabuni na kalamu ziko ndani ya mfuko huu. Viatu mgeni amekataa, anasema begi limejaa Biblia. Ma Korto amehojiwa mara ya kwanza kuhusu uraia, na amerudi akanywa maji mengi.

Habari kubwa: nimekubaliwa chuo kikuu cha jimbo. Na ule ufadhili ambao jumuiya humpa kijana mmoja tu kila mwaka, mwaka huu nimepewa mimi. Bila huo nisingeenda. Ma Korto hawezi, na sheria za mikopo zina milango mingi ya kujigonga. Bwana Flomo alinitangaza kanisani. Alisema mimi ni mfano wa mtoto aliyepoteza yote.

Mwenye kupewa ufadhili anatakiwa kutumikia jumuiya. Kwa hiyo Jumatano nawapakulia chakula wazee wetu, wanaoletwa na basi dogo kuja kuongea lugha zao na kulalamikia baridi. Zamani nilikuwa "yule mtoto wa Korto asiyeongea". Sasa wananiita mwanangu. Bibi mmoja, Ma Lorpu, hunivuta mkono nikipita na sinia, ananitilia kipande cha nyama mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe. "Yatima asiachiwe mifupa," anasema. Nameza. Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu: nimeuzoea uyatima huu. Una joto. Siku nyingine natembea kurudi nyumbani nikiwaza maneno matamu waliyoniambia juu yako, nami nakuonea uchungu, wewe mwingine, yule wa insha, aliyenipenda mpaka akafa. Nakuandikia haya kwa sababu ulisema kufa hakuumi.

Jambo jingine. Ma Gorpu anasema kilio cha huku hakitoshi, karamu ya kumaliza matanga lazima ifanyike kwenye nyumba ya marehemu. Wiki iliyopita alipiga simu Gbarnga, na aliyempata ni baba mdogo Sumo. Nilikuwa kwenye sinki naosha vyombo, simu iko kwenye spika. Nilingoja Sumo aseme, "Nyamah yupi? Si huyo hapo anaanika nguo?" Mlango wake unatazamana na wako. Badala yake alipiga yowe. Alilia, Mama, akamshukuru Ma Gorpu kwa kuwaletea habari, akauliza ng'ombe atanunuliwa lini.

Nikadhani labda mmepanga pamoja, na kwamba unacheka. Nijulishe kama unacheka.

Swali langu bado liko palepale.

Yassah


Gbarnga
21 Aprili 2013

Yassah,

Barua yako imenifikia ng'ombe akiwa amekwisha kuliwa.

Nianze na salamu hata hivyo. Mvua ya kwanza imenyesha. Mulbah amepata binti. Mtoto ana afya na sauti kubwa. Wamempa jina Nyamah, kama mtoto anavyopewa jina la mtu aliyetangulia. Nilipokwenda kumbeba, mama mkwe wake Mulbah akamsogeza upande wa pili wa kitanda, polepole tu, kama mtu anayeondoa bakuli njiani.

Karamu waliifanya uwanjani kwangu. Mimi nilikuwa shule. Niliporudi nikakuta masufuria, watu, na Sumo katika joho jipya. Sikujua kinachoendelea, na nilipoambiwa nikadhani ni mzaha. Nikaingia ndani nikachukua bakuli langu, nikasimama kwenye foleni. Nikawaambia, jamani, mwenye matanga nimefika, nipeni hata utumbo. Wengine walicheka. Mpakuaji akashika upawa hewani, hajui amwage wapi. Sumo hakucheka. Alinijia mbele ya watu wote akasema, kwa heshima kabisa, kama anavyosema na wageni: "Shemeji, hapa tunakula machozi ya mtoto wako mwenyewe. Mimi ni nani nimwambie mwana wa kaka yangu kwamba ni mwongo?"

Siku chache baadaye alikuja na vijana wake wakatoa kitanda changu nje. Hoja yake ni kwamba nyumba ya marehemu kaka yake haiwezi kukaliwa na mtu aliyekwisha kuliliwa, watoto wa ukoo watafuatwa na mabalaa. Mulbah alikuwepo. Alishika upande wa miguuni. Nilimwita kwa jina, akaniambia, "Mama, usinitazame hivyo, pikipiki si yangu."

Nalala stoo ya shule, pamoja na chaki na mipira. Hakuna anayenitukana, ningejua la kujibu. Kisimani wananipisha tu, na ndoo niliyogusa wanaisuuza mara mbili. Mtoto mmoja darasani aliinua mkono, mtoto mzuri, mwenye adabu, akauliza, "Mwalimu, kule chini kuna baridi?" Wazazi wameanza kuwahamisha. Mwalimu mkuu amenivumilia mpaka mwisho wa muhula huu, baada ya hapo nitakosa na stoo.

Nilikwenda kwa wazee wa mtaa. Mzee Kerkula si mjinga. Alinishika mkono akasema, "Nakuona, Nyamah, una joto kama mimi." Lakini kilio alichokiinua mtoto wa mtu hakiwezi kushushwa na jirani. Aliyekiinua ndiye akishushe, kwa mdomo wake, na Gorpu, aliyetuma pesa za ng'ombe, asikie. Watakaa kikao Jumamosi inayofuata sikukuu ya uhuru, mwezi wa saba. Watampigia Gorpu, nawe uwe karibu naye. Wewe useme sentensi moja: mama yangu yuko hai. Hapo nitarudishiwa kitanda changu na mlango wangu na darasa langu.

Sikuombi kingine. Nilikuambia kufa hakuumi. Nilikuwa sijafa.

Mama yako


Brooklyn Park
20 Mei 2013

Mama,

Hongera kwa mjukuu. Nasikitika kuhusu kitanda. Hapa theluji imeyeyuka, na mwezi ujao namaliza shule. Ma Korto amenishonea gauni jeupe kwa sababu wanawake wanasema binti huvaa nyeupe mwaka mzima, hata matanga yakiisha. Mahojiano yake ya mwisho ni mwezi wa tisa.

Nimeisoma sentensi yako. Ni fupi, lakini haitabaki Gbarnga. Ma Gorpu atakuwa ameshika simu. Nikiisema, ufadhili unaondoka, maana aliyepewa ni yatima. Ma Korto atakuwa amewaketisha sakafuni wanawake wa mji mzima kwa uongo, na kama neno litavuka mpaka ofisi za serikali, hata kitanda chake kitatolewa nje, na changu. Wewe unajua hayo. Hukuyataja hata moja. Nimeigeuza barua yako nyuma na mbele nikiyatafuta.

Kwa hiyo nami nitakuwa mfupi. Nimekuuliza tangu nijue kuandika kwa nini ulinitoa mimi. Mara ya kwanza ulinijibu habari za mbuzi. Mara nyingine karatasi ikakuishia, kisha ikatosha sabuni na viatu. Nijibu. Usinipambie, usinihurumie. Nikipata jibu la kweli, nitakuwa karibu na simu siku hiyo, na nitasema ukweli.

Yassah


Gbarnga
23 Juni 2013

Yassah,

Mvua ni nyingi na stoo inavuja juu ya chaki. Mulbah hajambo, jana alipita na pikipiki, hakusimama.

Umeniwekea masharti. Sawa, mtoto wangu ni lazima awe hivyo.

Asubuhi ile Korto aliniita nje ya hema akasema ana nafasi ya mtoto mmoja na majina yanaandikwa baada ya sala. Unataka nikuambie kwamba nilimtoa aliyekuwa mwerevu. Au kwamba nilimpeleka msichana nikihofia askari. Nimeyaona hayo kwenye mistari ya kila barua, umenitengea mahali pa kuyaandika. Hukuwa mwerevu kumzidi mwenzako. Na askari wakati ule walikuwa wanachukua wavulana zaidi. Ulikuwa mtoto wa kutazama watu. Ukiitwa hukuja upesi, ukibebwa ulikaza mgongo. Mulbah alikuwa analala juu ya mkono wangu na bila uzito wake sikupata usingizi. Nilijiuliza jambo moja tu: yupi kati ya hawa akiondoka nitaweza kulala? Jibu halikunisumbua. Nilimtoa yule niliyeweza kumkosa. Majuma machache baadaye basi lilipoondoka hukulia, nami sikulia, na usiku ule nililala.

Sasa unajua, na sina kingine nilichoficha. Kaa karibu na simu.

Nyamah


Minneapolis
11 Agosti 2013

Mwalimu Nyamah,

Natumai umehama stoo, na kwamba watoto wamerudi kukaa mbele karibu nawe. Hapa tuko salama. Miguu ya Ma Korto imepungua uvimbe.

Siku ya kikao wewe ulikuwa barazani pamoja na wazee, ulisikia yote. Nakuandikia upande ambao hukuuona. Huku ilikuwa alfajiri. Ma Gorpu alikuja na simu yake na mkate wa ndizi alioupika mwenyewe, akidhani kwamba wazee wanataka kushukuru kwa ng'ombe. Ma Korto alikuwa amenipigia pasi lile gauni jeupe. Alidhani nitasema lile nililofundishwa. Alinikalisha kati yao wawili, akanishika goti chini ya meza, kama alivyonishika siku ya mahojiano kambini.

Mzee Kerkula aliponiuliza, nilisema kama nilivyoahidi. "Nyamah yuko hai. Hakufa kambini, hakufa popote." Mkono wa Ma Korto ukatoka gotini. Ma Gorpu alikuwa anakata mkate. Aliendelea kuukata mpaka ukaisha, vipande vyembamba, vyembamba.

Kisha Sumo akaanza kelele zake, kwamba ng'ombe amekwisha kuliwa na kilio hakirudishwi mikono mitupu, lazima kiwe na mwenyewe, mtu aliyekufa. Wazee wakanong'ona. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Sumo alikuwa na haki, na mimi nilikuwa nimemtangulia. Neno langu nilikuwa nimelipanga tangu barua yako ya mwezi wa sita inifikie. Ulinisikia, lakini nitaandika tena, lisije likabadilishwa mdomoni mwa watu: "Kilio hicho kihesabuni kuwa changu. Aliyekufa kambini ni Yassah, asubuhi basi lilipoondoka. Karamu mliyokula ni yake."

Ma Gorpu akasema, "We mtoto, ufunge mdomo," lakini kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba. Mzee Kerkula akauliza kama mama wa marehemu anakubali.

Nilikuwa sijaisikia sauti yako tangu nikiwa na miaka sita. Ni nyembamba kuliko nilivyoiweka kichwani. Ulisema, "Nimekubali." Hukukohoa kwanza, hukuuliza swali. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa upesi ule.

Ma Gorpu alizima simu, akavaa viatu vyake. Mlangoni akamgeukia Ma Korto. "Mambo yetu hatuyapeleki serikalini, kwa hilo lala usingizi. Ila usiniite dada tena, na masufuria yetu tutayafuata." Wanawake waliyafuata, mmoja mmoja, siku tofauti. Hakuna aliyeingia ndani. Ma Korto ameondoa ombi lake la uraia mwenyewe. Hakunifukuza. Aliendelea kunipakulia kila siku sahani ileile mahali palepale, na hajaniambia neno.

Nilikwenda kwa Bwana Flomo kuurudisha ufadhili. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yakamng'aa, akavuta kiti karibu. Alisema jumuiya itakasirika, hilo haliepukiki, lakini kuna vyuo vingine na wafadhili wengine, na kwamba hii sasa ndiyo insha. "Andika hili, Yassah. Lile la kwanza lilikuwa jepesi." Nilimwambia sitaandika. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

Wazee wa Jumatano niliwaaga. Ma Lorpu alinishika mkono kama kawaida, akanuia kunitilia nyama, kisha nadhani akakumbuka aliyoambiwa, akaila mwenyewe.

Nimejiandikisha chuo kidogo cha serikali hapa mjini, cha miaka miwili, ambacho hakikutaka kujua palipouma. Nimepata zamu za kutunza wazee, wa kizungu, upande wa pili wa mto. Chumba nimepanga kwa mama mmoja Mhmong, mkimbizi wa zamani kutoka Laos, anayelima mboga nyuma ya nyumba na hajaniuliza mimi ni wa nani. Alhamisi nilihama. Ufunguo wa nyumba nimeuacha mezani kwa Ma Korto, na anwani ya ninakokaa sikuiacha. Wageni wa misheni nimewaomba wakupelekee hii, na kama utawapa nyingine, wasiipokee. Wameniuliza kama kuna msiba. Nimewaambia ulishamalizika.

Yassah